Asilimia 65 haitoshi kuiongoza Kibaha na Kisarawe

Hotuba za kilimo zinazosomwa bungeni Dodoma hazikosi sentensi moja: kwamba kilimo kinaajiri takribani asilimia 65 ya Watanzania. Mawaziri wameirudia, wakuu wa mikoa wameirudia, wafadhili wameinakili, na imechapwa magazetini mara nyingi kuliko takwimu nyingine yoyote ya sekta hiyo. Gazeti hili leo linaitolea hukumu. Kwa jinsi inavyotumiwa, namba hiyo haifai kuongoza maamuzi ya ardhi, ya pembejeo wala ya ajira katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, na serikali ikiendelea kuitegemea itakuwa inawakosea wakulima wa wilaya hizo mbili kwa kujua.

Hatusemi kwamba ni namba ya uongo. Sensa ya Kilimo ya Sampuli ya mwaka 2019/20, ambayo ni ya tano tangu ile ya kwanza ya 1971/72, ilikuta kaya zipatazo milioni 7.8 zinazojishughulisha na kilimo, kati ya kaya milioni 12 za Tanzania Bara na Zanzibar. Hiyo ni asilimia 65.3. Makarani walipita vijijini, wakauliza, wakapima, na kazi yao inastahili heshima. Kosa linaanza namba inapotoka kwenye ripoti. Mle ndani ni asilimia ya kaya. Ikifika jukwaani imekuwa asilimia ya watu. Ikifika kwenye andiko la mradi imekuwa asilimia ya ajira. Na katika hotuba hizo hizo, 65 hutajwa tena kama mchango wa kilimo katika malighafi za viwanda. Kaya, watu, ajira na malighafi ni mambo manne tofauti, na kila moja lina njia yake ya kupimwa. Waziri anayeyabeba yote kwa tarakimu moja hajawaeleza wabunge kitu wanachoweza kukifanyia kazi.

Tuangalie kwanza kaya yenyewe inavyoingia kwenye hesabu. Katika sensa zetu, kaya huhesabiwa kuwa ya kilimo ikiwa inalima walau mita za mraba 25, au ina ng'ombe 1, au mbuzi, kondoo ama nguruwe 5, au kuku, bata ama bata mzinga 50. Mita za mraba 25 ni eneo la mita 5 kwa 5. Pale Tumbi au Maili Moja, Kibaha mjini, mtumishi mwenye mshahara wake wa kila mwezi, aliyepanda matembele na mchicha nyuma ya nyumba, anavuka kizingiti hicho bila kutoka jasho. Jirani yake anayetegemea kuku 45 kusomesha watoto, na asiye na hata tuta moja, anabaki nje. Akifikisha kuku 50 anaingia. Akifikisha kuku 1,000, akawa anauza sokoni mwaka mzima na kutumia zana za kisasa, anahamia kundi la mashamba makubwa, akae mstari mmoja na mwenye hekta 20 za mazao au ng'ombe 50.

Sasa mtoke mjini mwende Maneromango au Mzenga, wilayani Kisarawe. Huko kuna kaya inayolima muhogo, mpunga wa bondeni na ufuta, yenye mikorosho na minazi iliyopandwa na babu, inayouza mkaa mvua zikikata na kulala njaa mvua zikikata mapema. Kaya hiyo inahesabiwa moja. Na yule wa matembele ya uani anahesabiwa moja. Zikijumlishwa zinatoa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo inayopelekwa Dodoma kuomba mbolea.

Vizingiti vya chini vina sababu zake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekuwa likizishauri nchi zisiwaache nje wakulima wadogo kabisa, na ushauri huo ni sahihi, kwa sababu ukiweka kizingiti juu, wanawake wajane na vijana wasiorithi ardhi ndio wa kwanza kufutika. Lakini kizingiti cha chini kinadai kazi moja zaidi: ukishawaingiza wote, uwapange. Uonyeshe wangapi wana robo ekari, wangapi wana ekari 3, wangapi wana 50, na nani kati yao anaishi kwa shamba hilo. Muundo wa mashamba ndio roho ya sensa ya kilimo. Nchini kwetu majedwali hayo yapo ndani ya ripoti nene, lakini hayasomwi bungeni, hayabandikwi kwenye mbao za matangazo za halmashauri, na diwani wa Kisarawe akiulizwa ni sehemu gani ya ardhi ya kata yake imeshikwa na watu wenye zaidi ya hekta 5 hana pa kuangalia.

Swali hilo si la kinadharia. Mwaka 2016 mtaalamu wa uchumi wa kilimo T. S. Jayne na wenzake walichapisha uchambuzi wa nchi nne za Afrika, ikiwemo Tanzania, wakikadiria kwamba mashamba ya kati, yaani ya hekta 5 hadi 100, yanashika takribani asilimia 39 ya ardhi ya kilimo nchini mwetu. Walieleza pia kwamba sehemu kubwa ya wenye mashamba hayo hawakukua kutoka ukulima mdogo. Ni watu waliopata fedha kwenye ajira na biashara za mjini, kisha wakanunua ardhi. Mtu yeyote aliyepita barabara ya kutoka Pugu kwenda Masaki ya Kisarawe, au kutoka Mlandizi kuelekea Mzenga, ameziona nguzo za zege zenye waya na mageti ya chuma yanayofunguliwa Jumamosi. Mwenye shamba analala Mbezi, Tabata au Mikocheni.

Na hapa ndipo hesabu zetu zinapotupoteza kabisa. Sensa na tafiti zetu huhesabu kaya pale inapolala. Ekari 50 za Kisarawe zinazomilikiwa na mtu wa Mbezi, zikihesabiwa, zinahesabiwa kupitia kaya ya Dar es Salaam. Sensa ya 2002/03 ililenga wakulima wadogo wa vijijini, hivyo mtu wa namna hiyo hakuwa hata kwenye orodha ya kuchaguliwa, na ekari zake 50 ni hekta kama 20, kiwango alichotakiwa kukilima chote ndipo aingie kundi la mashamba makubwa. Lakini nusu yake ni pori linalongoja bei ipande. Kwa lugha nyepesi, shamba lake halikuwa dogo la kutosha wala kubwa la kutosha. Mlinzi wa shamba anayeishi bandani na mkewe na watoto, ambaye hamiliki hata pembe ya ardhi hiyo lakini ameruhusiwa kupanda mihogo pembezoni, ndiye anayeonekana kama mkulima wa Kisarawe. Serikali inamwona yeye, haimwoni mwenye hati.

Halmashauri inayopanga huduma za ugani kwa takwimu hizo itampeleka bwana shamba kwa mtu asiye na mamlaka ya kuamua nini kipandwe. Mtu wa kuamua hajulikani. Na kodi ya ardhi isiyolimwa haitadaiwa kwa sababu hakuna jedwali linaloonyesha kwamba haijalimwa.

Kama kuna mtu anaona tunakuza mambo, akumbuke Sun Biofuels. Kampuni hii ya Uingereza ilikuja Kisarawe katikati ya muongo wa 2000 kutafuta ardhi ya kupanda mibono kwa ajili ya mafuta ya mimea. Mbono wakati huo ulikuwa ukisifiwa duniani kote kwamba unastawi kwenye udongo duni na hauli chakula cha mtu. Ardhi iliyopatikana ilikuwa hekta 8,211, iliyotoka kwenye vijiji 11, miongoni mwao Mtamba, Marumbo na Kurui, kwa mkataba wa miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa ajira, fidia na huduma za jamii. Ili mwekezaji apewe ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kwanza ardhi hiyo ihaulishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikishahaulishwa haimo tena mikononi mwa kijiji, na mwekezaji akishindwa hairudi yenyewe.

Mashamba yakasafishwa, mibono ikapandwa, mamia ya watu wakaajiriwa. Taarifa za wakati ule zilitaja wafanyakazi wapatao 700. Wako walioacha mashamba yao kwa ajili ya mshahara. Agosti 2011 kazi ikasimama. Kampuni ilikuwa imeishiwa, shamba likauzwa kwa wengine, na waliobaki kazini walikuwa wachache mno, wengi wao walinzi. Watu wakarudi vijijini wakakuta sehemu waliyokuwa wakichota maji, kukata kuni na kuchimba dawa iko ndani ya mpaka wa shamba ambalo halizalishi mbono wala muhogo.

Sasa tunawaomba wasomaji waweke tarehe hizo kando ya tarehe za takwimu za taifa. Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi ulifanyika mwaka 2006, kisha 2014. Sensa ya kilimo ilifanyika 2007/08, kisha 2019/20. Upandaji, ajira 700, kufungwa, kufukuzwa kazi na kurudi kijijini, vyote vilitokea katikati ya tafiti hizo. Hakuna chombo hata kimoja cha takwimu za taifa kilichoona ajira zile zikizaliwa, na hakuna kilichoona zikifa. Tukio kubwa kuliko yote ya muundo wa mashamba katika Wilaya ya Kisarawe kwa kizazi hiki limepita bila kuacha alama kwenye majedwali. Tunachokijua tumekijua kwa waandishi wa habari, mashirika ya kiraia na watafiti wa vyuo vikuu waliokwenda kuuliza.

Jambo hili linapaswa kumwudhi kila mbunge wa Pwani. Ahadi ya ajira ndiyo iliyowafanya wanakijiji wakubali kuachia ardhi. Serikali yenye wajibu wa kusimamia ahadi hiyo haikuwa na njia ya kuipima. Hakukuwa na rejesta ya ajira za shamba katika halmashauri, na hakukuwa na hesabu ya nani alikuwa akilima nini juu ya zile hekta 8,211 kabla hazijachukuliwa. Wakubwa walizungumzia ardhi isiyotumika. Nani alipima? Ardhi ya kuchungia, kukata kuni na kupumzisha baada ya misimu ya muhogo haiandikwi kama shamba mwaka ule ambao haina zao, basi karatasini inasomeka tupu.

Hukumu yetu kwa sehemu hii haina unafuu: miaka 12 kati ya sensa moja ya kilimo na nyingine, katika wilaya zinazopakana na jiji linalokua kama Dar es Salaam, ni uzembe wa kitaifa. FAO hushauri nchi zifanye sensa ya kilimo kila baada ya miaka 10, na baina yake zifanye tafiti ndogo za kila mwaka. Tafiti ndogo za mwaka zimefanyika hapa na pale, ikiwemo ya 2014/15, ya 2016/17 na ya 2022/23. Zilifanywa kwa kudonoadonoa, na hazishuki hadi kwa mkulima wa Kisarawe.

Kwa upande wa ajira hali ni ngumu zaidi, maana kazi ya shamba haina kadi ya kuingilia wala saa ya kutokea. Karani anauliza: wiki iliyopita ulifanya kazi gani? Wiki ya palizi jibu ni shamba. Wiki ya kiangazi mtu yule yule anaendesha bodaboda Mlandizi, au amekwenda kubeba tofali kwenye ujenzi Kibaha mjini, au amepanga mkaa barabarani. Karani akiuliza kazi kuu ya mwaka mzima, wengi hujibu kilimo hata kama siku walizoshika jembe ni chache, kwa sababu kilimo ndicho walichokulia nacho.

Ugumu huu umepimwa hapa hapa Tanzania. Kwenye utafiti uliofanyika Mkoa wa Mara na kuchapishwa mwaka 2018, watafiti Vellore Arthi, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Amparo Palacios-López waligawa kaya makundi. Baadhi walifuatwa kila wiki msimu mzima kuulizwa saa walizofanya kazi shambani. Wengine waliulizwa mara moja, msimu ukiisha. Walioulizwa mwishoni walitaja saa za kazi, kwa kila mtu na kila kipande cha shamba, zilizokaribia mara nne ya wale waliofuatwa kila wiki. Upande mwingine, waliwasahau baadhi ya watu na baadhi ya vipande vya mashamba. Waliosahauliwa si vigumu kuwakisia: ni wale wanaosaidia bila kulipwa, na vipande visivyoitwa shamba la baba.

Sasa chukueni kosa la kipimo hicho mliweke kwenye hesabu ya uchumi. Mwaka 2021 kilimo kilichangia asilimia 26 hivi ya pato la taifa. Ukiamini kwamba asilimia 65 ya wafanyakazi wako huko, utapata kwamba mtu wa kilimo anazalisha kama moja ya tano ya mtu aliye nje ya kilimo. Hitimisho hilo limejenga sera nzima: kwamba mkulima ni mvivu au mjinga wa teknolojia, kwamba dawa ni kumtoa shambani, kwamba ardhi ikipewa mwenye mtaji taifa litanufaika. Ellen McCullough, aliyechambua takwimu za kaya za Tanzania, Uganda, Malawi na Ethiopia na kuchapisha mwaka 2017, alionyesha kwamba ukigawa kwa saa za kazi badala ya vichwa vya watu, pengo hilo linapungua sana. Mkulima akiwa kazini anazalisha. Shida yake ni kwamba mwaka wake hauna kazi ya kutosha. Hilo ni tatizo la maji ya umwagiliaji, soko na usindikaji. Halitibiwi kwa kumnyang'anya ardhi.

Nani ataweza kuipigania hoja hiyo Kisarawe ikiwa saa za kazi za watu wa Kisarawe hazijawahi kuandikwa?

Kuna kundi jingine linalopotea, na tunalitaja kwa uchungu. Ni vibarua. Katika mabonde ya Ruvu na mashamba ya mboga yanayolisha masoko ya Dar es Salaam, kazi ya kulima, kupalilia na kuvuna inafanywa kwa ngwe, na malipo ni siku ile ile au mavuno yakishauzwa. Wengi ni wanawake, na wengi wana kashamba kao pia. Kwenye dodoso mwanamke huyo ataandikwa mkulima wa shamba lake au msaidizi wa familia asiyelipwa. Mshahara wake wa kutwa, ambao huenda ndio unaomlisha zaidi ya kashamba hako, hauna safu yake. Kwa hiyo kima cha chini cha mshahara wa kilimo kinatangazwa na serikali bila kujua kinamhusu nani Pwani, na chama cha wafanyakazi wa mashamba hakina orodha ya kuanzia.

Haya yote yangeweza kuvumilika kama Kibaha na Kisarawe zingekuwa zimetulia. Hazijatulia. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 katika sensa ya 2012. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikipita Soga, ndani ya Wilaya ya Kibaha. Bandari kavu ya Kwala, wilaya hiyo hiyo, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2025, na viwanda vinapangwa kuizunguka. Kila hatua ya namna hiyo inageuza shamba kuwa kiwanja, na mkulima kuwa kibarua wa ujenzi au dalali wa ardhi ya jirani yake. Hatupingi reli wala bandari. Tunapinga kujenga vitu vya thamani ya matrilioni juu ya mashamba ambayo hakuna aliyeandika yalikuwa ya nani, yalitoa nini na yaliwapa kazi watu wangapi.

Inauma zaidi kwamba ni Kibaha. Hapo ndipo nchi za Nordiki na Tanganyika zilipojenga kituo miaka ya 1960, chenye shule, afya na mafunzo ya wakulima pamoja, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hapo kuna kituo cha taifa cha utafiti wa miwa, ambacho leo ni TARI Kibaha. Wilaya yenye taasisi za namna hiyo haikupaswa kukosa daftari la mashamba yake.

Fedha si kisingizio. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ikapanda hadi bilioni 954, na mwaka 2024/25 ikapita trilioni 1.2. Ruzuku ya mbolea imerudi, wakulima wanasajiliwa kwa simu ili waipate, na programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora inawapeleka vijana kwenye mashamba ya pamoja. Tumeunga mkono ongezeko hilo la bajeti na bado tunaliunga mkono. Lakini usajili wa ruzuku si sensa. Anayejisajili ni anayetaka mbolea, na anataja ekari anazotaka apewe mbolea yake. Mkulima wa muhogo wa Kisarawe, ambaye hajawahi kununua mfuko wa mbolea maishani, hana sababu ya kujisajili. Tukiigeuza orodha hiyo kuwa picha ya kilimo chetu, tutakuwa tumewafuta maskini mara ya pili.

Wala uwezo si kisingizio. Sensa ya kilimo ya 2002/03 ilichagua vijiji 3,221 vya Bara na kaya 48,315 kwa nia mahsusi ya kupata makadirio ya kila wilaya. Ilifanyika kwa madodoso ya karatasi. Sensa ya watu ya 2022 ilitumia vishikwambi nchi nzima. Kenya, katika sensa yake ya 2019, ilichapisha idadi ya kaya zinazolima, zipatazo milioni 6.4, hadi ngazi ya kaunti ndogo, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Rwanda inafanya utafiti wa kilimo kila msimu na wa nguvukazi kila robo mwaka, na inawatenga wanaolima kwa ajili ya kula nyumbani kwao na wale walioajiriwa, kama ulivyoelekeza mkutano wa 19 wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliofanyika Geneva Oktoba 2013. Namba za Rwanda hazivutii jukwaani kama yetu, kwa kuwa zinaonyesha ajira ya kilimo ndogo kuliko ilivyozoeleka kusemwa. Lakini waziri wake wa kazi anajua wangapi wanahitaji ajira, na wa kilimo anajua wangapi wanahitaji mbegu.

Kuna hofu, na tuiseme wazi. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyomtisha mtu yeyote aliyetaka kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 vifungu vile vililegezwa baada ya kelele za ndani na nje. Mazoea ya woga hayakulegea kwa kasi hiyo hiyo. Mtendaji wa kijiji anayejua vizuri nani ananunua ardhi kijijini kwake hatataka kuiandika kabla hajaulizwa na mkubwa. Kwa hiyo amri itoke kwa mkubwa.

Tunaitaka Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Wizara ya Kilimo waache kutangaza asilimia ya ajira ya kilimo bila kutaja imepimwa kwa kaya, kwa mtu au kwa saa, na waweke kando yake idadi ya wanaolima kwa chakula chao tu. Sensa ijayo ya kilimo isivuke 2029/30, na sampuli yake itoshe kuitolea kila wilaya majibu. Dodoso limuulize mwenye shamba anaishi wapi, na limuulize anayelima kama ardhi ni yake. Bunge, kupitia kamati yake ya kilimo, likatae kupitisha bajeti yoyote kwa ajili ya mashamba makubwa ya uwekezaji ambayo hayana hesabu ya watumiaji wa ardhi kabla ya mradi, na taarifa ya ajira kila mwaka baada yake.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe hazina sababu ya kungoja 2029. Kila kijiji kina mtendaji, kila kitongoji kina mwenyekiti anayewajua watu wake kwa majina, na sheria inakitaka kijiji kiwe na daftari la ardhi yake. Mabaraza ya madiwani yaamuru daftari hilo lifunguliwe mwaka huu wa fedha: ukubwa wa kila shamba, mwenye nalo, anakolala, kilichopandwa, na vibarua alioajiri msimu wa masika na wa vuli. Waanze na vile vijiji 11 vya Kisarawe vilivyotoa hekta 8,211, na matokeo yasomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji kabla hayajapelekwa mkoani.